Petroli Inapofurika katika Injini ya Rotari

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Ninaishi Kizingo, hapa Mombasa, katika nyumba za ghorofa ambazo uwanja wake ni mdogo, hivi kwamba magari huegeshwa moja nyuma ya jingine. Mwaka jana nilinunua Mazda RX-8 ya gia za mkono kutoka kwa rafiki aliyehamia ng'ambo. Njiani gari hili halina mfano, lakini kwa muda wa miezi minane limenitia aibu mara nne, na mara zote nne imekuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni bawabu wetu hulisogeza hadi kwenye mfereji, akaliosha, kisha akalirudisha mahali pake. Kesho yake nikipiga stata, injini huzunguka upesi kuliko kawaida, kwa sauti nyepesi, lakini haiwaki, na harufu ya petroli huenea uwanja mzima. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, na wa tatu akadai kwamba petroli ya kituo ninachokitumia imechanganywa. Je, ni kweli kwamba injini hizi zina namna yake ya kuzimwa? Ikiwa ni kweli, ni namna gani?
Msomaji wa Kizingo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali umeuliza na jibu umelitia ndani ya barua hiyohiyo, pale ulipomtaja bawabu na mfereji. Usimgombeze, kwa maana angelifanyia hivyo gari jingine lolote uwanjani humo pasiwe na tatizo. Gari lako halikuharibika Jumatatu. Liliharibiwa Jumapili jioni, lilipowashwa likiwa baridi, likaenda mita kumi, likazimwa, likawashwa tena, likarudi mita kumi, likazimwa.

Ili uelewe kwa nini, fikiri kwanza kilichomo ndani ya injini hiyo ya rotari. Haina pistoni hata moja. Ina rota mbili za pembe tatu, kila moja ikizunguka ndani ya chumba chenye umbo la nambari nane iliyonenepa kiunoni, na kila ncha ya rota imevalishwa sili nyembamba ya chuma inayosugua ukuta wa chumba wakati wote. Sili hiyo peke yake haizibi sawasawa. Huziba kwa msaada wa utando mwembamba wa oili, ambao pampu maalumu huudondoshea injini makusudi, na ndiyo sababu gari lako linakula oili hata likiwa halina hitilafu yoyote. Ukiuondoa utando huo, hewa hupenya kwenye ncha, mgandamizo hushuka, na cheche ya plagi hata ikiwa kali namna gani haina cha kulipua.

Sasa, injini yoyote inapowashwa ikiwa baridi, kompyuta yake humwaga petroli nyingi kuliko kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli hiyo hushindwa kugeuka mvuke na hugandamana na kuta. Chumba cha rotari ni kirefu na chembamba, kuta zake ni nyingi kuliko nafasi iliyomo, kwa hiyo petroli isiyogeuka mvuke inayobaki humo ni nyingi zaidi. Ukiiacha injini ingurume mpaka ipate moto, petroli hiyo huungua yote na oili hurudi mahali pake. Ukiizima baada ya nusu dakika, petroli hubaki ndani usiku kucha ikiosha oili kutoka kwenye sili na kulowesha plagi. Asubuhi unapiga stata, injini haina mgandamizo, ndiyo maana inazunguka upesi na kwa sauti ile nyepesi uliyoisikia vizuri sana. Kompyuta inaona injini baridi isiyowaka, inamwaga petroli nyingine juu ya ile ya jana, na kila ukirudia unazidi kuigharikisha.

Hapa wengi huniuliza, baridi gani Mombasa? Hata wakati wa kaskazi, uwanja ukiwa na joto la nyuzi 32 au 33, injini iliyolala bado iko mbali sana na joto lake la kazi, ambalo ni la nyuzi 80 na zaidi. Kwa injini, Mombasa yote ni baridi. Jua letu linapunguza tatizo kidogo likilinganishwa na nchi za theluji, lakini haliliondoi, na nadhani ndilo linalotufanya tujiamini kupita kiasi.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: usiiwashe injini hiyo ikiwa huna nafasi ya kuiacha ipate moto. Iache ifanye kazi dakika tano au zaidi, mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida na utulie hapo. Ikiwa haja ni kulisogeza tu ili jirani atoe gari lake, weka gia huru, mtu mmoja ashike usukani na breki, wawili wasukume. Gari hilo halifiki hata tani moja na nusu, na mita kumi za uwanja ulio sawa si kazi ya kuwatoa watu jasho. Mwambie bawabu afanye hivyo, au avute mpira wa maji hadi gari lilipo, na ufunguo ukae nao wewe.

Kanuni ya pili inahusu kuzima kwenyewe, na hapa ndipo ile habari uliyoisikia ina ukweli. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale wa mizunguko ufike karibu 3,000 kwa dakika, uushike hapo kwa muda wa sekunde kumi hivi, uachie, kisha uzime. Hewa nyingi inayopita wakati huo hukausha chumba na kuzipa plagi moto wa kujisafisha. Na unapoachia kanyagio, kompyuta hukata petroli kwa muda mfupi wakati rota bado zinakwenda mbio, zikifukuza mabaki kwenda kwenye ekzosi. Baadhi ya wenye magari haya hugeuza ufunguo palepale mshale unaposhuka, ili injini imalizie mizunguko yake bila kupata tone jipya. Nimeziona namna zote mbili zikifaa. Kisichofaa ni kuivumisha injini baridi hadi mizunguko 7,000 ili majirani wajue umefika. Hiyo ni njia ya kuzimaliza sili. Na injini ikishapata moto kamili, hata ukiizima kimyakimya kama gari jingine, mara nyingi haitakufanya lolote. Zoezi la sekunde kumi ni la kujikinga, hasa pale unapolazimika kuzima injini ambayo moto wake haujakamilika.

Mahali pamoja pa hatari kwako ni feri ya Likoni. Kutoka Kizingo hadi foleni ya feri ni safari fupi mno. Ukienda Diani, utafika foleni injini ikiwa vuguvugu, utazima ili kuokoa petroli, foleni itasogea, utawasha, utakwenda urefu wa magari manne, utazima tena. Huo ni mchezo uleule wa Jumapili, umehamishiwa barabarani. Ondoka nyumbani injini ikiwa imeshapata moto, na kama foleni inatembea, iache ingurume. Petroli utakayopoteza ni ndogo kuliko ujira wa kuvutwa na lori mbele ya umati wa abiria.

Ikitokea bawabu amekwisha kuizima ikiwa baridi na wewe umejua jioni ileile, shuka uiwashe mara moja, uiache ipate moto, kisha uizime kwa utaratibu huo. Mara nyingi itakubali, maana petroli haijapata usiku mzima wa kuosha sili. Usingoje asubuhi.

Nisijifanye sijapata kukosea. Nilipokuwa fundi kijana, nililitoa RX-7 la mteja, nalo ni Mazda ya rotari, juani na kulipeleka chini ya mwembe, hatua sita tu, nikalizima nikaenda kula. Niliporudi halikuwaka. Nikapiga stata mpaka betri ikalala, nikaazima ya pili nayo nikailaza, na mteja amesimama akinitazama. Mzee mmoja wa karakana ya jirani alikuja, akafungua plagi moja, akainamisha kichwa akanusa tundu, akacheka.

Alilonionyesha mzee yule ndilo ninalokupa wewe kwa siku ambayo mambo yamekwisha kuharibika. Kanyaga mafuta hadi chini kabisa kabla ya kugusa ufunguo, na mguu ubaki hapo. Katika RX-8, kompyuta ikiona kanyagio liko chini wakati wa kupiga stata hukata petroli, ikaingia hewa tupu. Piga stata kwa sekunde zisizozidi kumi, pumzisha kwa dakika moja ili usiiunguze, urudie mara mbili au tatu. Baadaye jaribu kuwasha kwa kawaida. Ikishika itakohoa na kutoa moshi mzito. Ishikilie kwenye mizunguko 2,000 hivi mpaka isafike, na usiizime kabla haijapata moto. Betri iwe imejaa, kwa kuwa stata inayozunguka kivivu haiwezi kuupata mgandamizo mdogo uliobaki.

Ikikataa, fundi azifungue plagi. Ziko nne, mbili kwa kila rota, zimewekwa ubavuni mwa injini wala si juu, na ya juu na ya chini si za aina moja, hivyo aziwekee alama kabla ya kuzichanganya. Achomoe nyaya za koili ili pasiwe na cheche, akate petroli, apige stata ili maji ya petroli yaruke nje, kisha adondoshe oili kidogo ya injini katika kila tundu, kama kijiko kimoja cha chai, ili sili zizibe tena. Kazi hiyo ifanyike nje, penye upepo, na asiwepo mvuta sigara karibu, maana ninyi mtakuwa mmesimama katika mvuke wa petroli.

Kuhusu mafundi wako watatu, yule wa plagi hakukosea sana, kwa kuwa plagi zilizolowa mara nyingi huchoka. Lakini ikiwa baada ya kufuata haya yote injini itaendelea kufurika, chanzo kiko kwingine: koili zilizochoka, stata dhaifu, au sili zilizoisha. Gari la aina hiyo liliundwa kuanzia 2003 hadi 2012, kwa hiyo hata lililo changa kabisa si la jana. Pima mgandamizo kwa kifaa cha injini za rotari, kinachosoma nyuso tatu za kila rota moja moja. Kipimo cha kawaida cha pistoni kitakupa nambari moja tu na kukudanganya. Injini mpya ya RX-8 hutoa takriban kilo 8.5 kwa kila sentimita mraba ikizungushwa mara 250 kwa dakika, na ikishuka chini ya 6.9 huhesabiwa kuwa imechoka.

SWALI: Mimi nina RX-8 ya gia za mkono pia. Ikigoma, vijana wa mtaa huisukuma au tunaivuta kwa pikapu mpaka iwake, na huwa inawaka. Kuna ubaya?
Msomaji wa Tudor

JIBU: Upo. Wakati inavutwa bila kuwaka, petroli mbichi hupita ndani ya injini na kujikusanya katika kichujio cha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Injini ikishika, petroli hiyo huwakia humohumo, na kichujio kinaweza kuyeyuka ndani na kuziba njia ya moshi. Injini ya rotari iliyozibwa moshi hupata joto kali na kufa mapema. Ikiwa huna budi, safisha kwanza kwa kukanyaga mafuta hadi chini kama nilivyomweleza mwenzako, ndipo usukumwe. Lakini betri ya kuazima ni bora kuliko vijana kumi.

SWALI: Nimesikia kwamba Mazda lazima ifikishwe mizunguko 3,000 kabla ya kuzimwa. Nina Demio ya 2010. Nimekuwa nikifanya hivyo kila siku.
Bi. wa Kongowea

JIBU: Acha, Bibi. Mazda imetengeneza magari ya rotari tangu Cosmo Sport ya 1967, lakini Demio yako ni ya pistoni kama gari jingine la kawaida. Zima tu.