Kumtembeza mzazi Ujerumani: yaliyonipata Lübeck nikiwa na baba yangu

Umeuliza kama inawezekana kumpeleka mama yako, mwenye umri wa miaka 71 na maumivu ya magoti, katika miji mitatu ya kale ya Ujerumani kwa siku nne, na miji uliyoitaja ni Lübeck, Nürnberg na Heidelberg. Ushauri wangu ni kwamba uchague mmoja tu. Nasema hivyo kwa sababu ya safari niliyofanya mwezi Juni na baba yangu, fundi mwashi mstaafu ambaye maisha yake yote amekarabati nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, alipokuja kunitembelea Hamburg ninakofanya kazi. Kutoka Hamburg hadi Lübeck ni safari ya treni ya takriban dakika 45, kwa hiyo tuliweza kwenda na kurudi siku mbili mfululizo bila kuhangaika na mizigo.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika vituo tisa na nilitaka tuvimalize vyote kabla ya treni ya jioni, nikasahau kwamba njia nyingi za mji ule zimetandikwa mawe yasiyolingana, ambayo kijana huyapita bila kuyafikiria lakini mzee huyahisi katika kila kiungo. Ilipofika saa nane mchana baba alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya mto Trave, akisisitiza kwamba hajachoka, nami namjua vizuri: akisema hivyo bila kuulizwa, ujue amechoka sana. Usiku ule nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza ni kipi hasa angependa kukiona. Akajibu kwamba anataka kurudishwa kwenye lile lango lililoinama.

Lango lenyewe ni Holstentor, lililojengwa kati ya mwaka 1464 na 1478, na kutoka stesheni unalifikia kwa mwendo wa dakika chache. Safari hii tulikaa hapo karibu saa nzima. Baba alizunguka pande zote, akasimama mbali, akakaribia, akaweka kiganja ukutani, kisha akanieleza kwamba msingi umezama kwa sababu ardhi ya chini ni ya majimaji na minara ni mizito mno kwake, jambo ambalo maelezo ya makumbusho yaliyomo ndani yake yalithibitisha baadaye. Nilimsomea pia kwamba ukuta unaotazama nje ya mji una unene wa mita 3.5, ilhali ule unaotazama ndani haufikii mita moja. Akasema kwamba mjenzi alijua adui atatokea upande gani, na kwamba hakuna fundi anayepoteza matofali mahali pasipo na hatari. Lililomgusa zaidi ni kwamba mwaka 1863 baraza la wawakilishi wa mji lilipiga kura kuamua kama lango libomolewe, na likanusurika kwa kura moja. Yeye ameshuhudia nyumba kadhaa za kwao zikianguka kwa kukosa mtu wa kuzisemea, na alilirudia jambo hilo mara tatu siku ile.

Tangu hapo mwongozaji akawa yeye, mimi nikawa mfasiri. Alinionyesha kwamba mji karibu wote umejengwa kwa matofali ya kuchoma kwa kuwa nyanda zile za kaskazini hazina mawe ya kuchonga, kama vile kwetu walivyojenga kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana pwani. Kwenye maghala ya zamani ya chumvi, yaliyo pembeni mwa lango, nilimweleza kwamba chumvi iliyotoka Lüneburg ilipitia hapa kwenda kuhifadhi samaki wa Bahari ya Baltiki, na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyoutajirisha mji huu uliokuwa kinara wa shirikisho la wafanyabiashara la Hansa. Hakuhitaji maelezo zaidi, maana aliyekulia penye ng'onda na papa wa chumvi anajua thamani ya chumvi kwa mvuvi. Vichochoro vya uani, ambavyo wenyeji huviita Gänge, vilimfurahisha kuliko makumbusho yoyote: unainama kupita chini ya nyumba, unatokea kwenye ua wenye vijumba vidogo na maua mlangoni. Watu wanaishi humo, kwa hiyo mpite kwa utulivu.

Kwa magoti ya mama yako, jambo muhimu kuliko yote ni kanisa la Mtakatifu Petro, ambalo mnara wake una lifti inayokufikisha kwenye roshani iliyo mita 50 kutoka ardhini, na kutoka hapo mji mzima, uliozungukwa na maji, unaonekana bila kupanda ngazi ndefu za mnara. Pipi za lozi zinazouzwa kila mahali, marzipan, ni nzuri kwa zawadi, ila baadhi zimetiwa pombe, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Kama mnaswali, kumbukeni kwamba mwezi Juni magharibi huingia karibu saa nne usiku.

Kituo nilichosita kumpeleka ni Heiligen-Geist-Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1286 kuwatunza wagonjwa na wazee maskini. Ndani ya ukumbi mrefu kuna safu za vijumba vya mbao, kila kimoja kikitosha kitanda na vitu vichache, na wazee waliishi humo hadi mwaka 1970. Niliogopa atahuzunika. Alichungulia kimoja kwa muda mrefu, akauliza kama walikuwa wanatembelewa na watoto wao, nami sikuwa na jibu. Tulipotoka alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa mdogo, na tukatembea hivyo hadi kanisa la Mtakatifu Maria.

Kanisa hilo lina dari la matofali lenye kimo cha mita 38.5, ambalo hakuna dari jingine la matofali duniani linalolifikia. Nilidhani atatazama juu. Badala yake alisimama mbele ya kengele zilizovunjika sakafuni, chini ya mnara wa kusini. Zilianguka usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, Machi 1942, ndege za Uingereza zilipoushambulia mji, na wenyeji waliamua kuziacha pale pale zilipoangukia. Baba, ambaye kazi yake yote imekuwa kurudisha vilivyobomoka, alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, hiki wamefanya vizuri kutokitengeneza."

Picha za lango nilizompiga hakuzitaka. Aliniomba nipige kwa karibu viungo vya matofali, mahali ambapo chokaa ya zamani imekutana na mpya, na jioni ile ndani ya treni aliwatumia wale vijana aliowafundisha kazi, akiwaandikia mmoja mmoja cha kutazama.