Jibu: Nimehamia Melbourne, huu mpira wao nauanzaje?

Ndugu, umeuliza matokeo ya mpira wa Kiaustralia kama 12.8 (80) yanasomwaje, na ushabikie timu gani. Kwanza sahau soka. Kila upande una milingoti minne: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu bila kuguswa, pointi 6, ukipita kati ya mrefu na mfupi, pointi 1. Basi magoli 12 mara 6 ni 72, ongeza 8 za pointi moja moja, unapata 80. Ukichanganyikiwa, mtazame mwamuzi wa golini: akipunga bendera mbili ni goli, moja ni kile kipointi cha kufutia machozi.

Timu? Mimi nilivutwa na Port Adelaide, timu ya mji mwingine, ingawa hapo Melbourne watakucheka. Sababu ni Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambini Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Mwangalie anavyopaa katikati ya msongamano na kuudaka mpira hewani, utanielewa.

Halafu usipange miadi siku ya mechi. Kila robo ya mechi inaitwa ya dakika 20, lakini saa husimamishwa kila mara, inafika karibu 30.