Kerisi ya mawimbi 12: je, ni ya enzi za Majapahit?

Swali: Nimeonyeshwa kisu cha Kijava, yaani kerisi, chenye bapa la mawimbi 12. Muuzaji anadai kuwa ni cha enzi za Majapahit, ufalme wa kale wa Java, kwamba kilifuliwa kwa chuma cha kimondo, na kwamba weusi wake ni sumu ya vitani. Nitayapimaje madai haya kabla ya kulipa?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza hesabu upya. Mawimbi ya kerisi kwa desturi huwa witiri, kwa hiyo ukipata 12, huenda kunjo dogo lililo karibu na shina limekupita, au mfuaji hakuijua desturi yenyewe. Wala si lazima kerisi iwe na mawimbi, kwani nyingi zimenyooka.

Kisha tazama shina. Pale bapa linapopanuka upande mmoja, kwa kawaida hukaa kipande cha pekee kiitwacho ganja (hakihusiani na bangi), na mstari mwembamba wa kiungo huonekana. Lakini zipo kerisi halali ambazo ganja na bapa ni chuma kimoja, hivyo kukosekana kwa mstari huo pekee hakuthibitishi ughushi.

Michoro myeupe ya bapani, yaani pamori, hutokana na chuma chenye nikeli kilichokunjwa na kufuliwa pamoja na chuma cha kawaida. Kimondo cha Prambanan, huko Java, ambacho pande lake kubwa lilipelekwa katika kasri la mji wa Surakarta mwaka 1797, kilitumika kweli, ila kwa kerisi chache. Nyingine zilipata nikeli kutoka Luwu, katika kisiwa cha Sulawesi, na baadaye kutoka Ulaya. Zaidi ya hayo, Majapahit ilikuwa imekwisha anguka zaidi ya karne mbili kabla ya mwaka huo, kwa hiyo muuzaji akikutajia Prambanan na Majapahit kwa pumzi moja, hadithi yake imejipinga yenyewe. Pamori ya kweli huzama ndani ya chuma na kufuata mapindo yake hadi ukingoni, ilhali ile iliyochorwa kwa asidi huishia juu juu.

Weusi si sumu ya vita. Wajava huosha bapa kwa aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu ili chuma kiwe cheusi na pamori ing'ae. Hata hivyo aseniki ni sumu, kwa hiyo usilisugue bapa kwa msasa.

Kuhusu umri, jina la Majapahit katika lugha ya wakusanyaji mara nyingi hutaja mtindo, wala si tarehe, na mfuaji wa karne ya 19 aliweza kuufuata mtindo huo vizuri kabisa. Ala na mpini navyo hubadilishwa kama mavazi. Ala nzuri ya Surakarta haikuambii lolote kuhusu bapa lililomo. Mwombe muuzaji auvue mpini, ambao mara nyingi hushikiliwa na kitambaa tu, uone msumari wa shina, yaani ncha ya chuma iingiayo mpinini, na kutu yake. Mashimo ya kutu yanayolingana bapa zima yananitia shaka ya uzee wa kughushi kuliko ukingo ulioliwa hapa na pale kwa kuoshwa miaka mingi.