Mama mkwe ananisaidia, mbona nalia?

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina mtoto wa kwanza, ana wiki tano. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini. Mama mkwe ameshuka kutoka Kibosho kunilea, na mtori haukosi. Lakini mtoto akilia tu ananipokonya, anasema sijui kumshika na maziwa yangu hayatoshi. Nalia kila siku. Hata mtoto akilala, mimi silali. Je, sina shukrani?
Mzazi, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Shukrani unayo, ila umechoka na unaumwa rohoni.

Wazazi wengi hulia siku za mwanzo, maana homoni hushuka ghafla mara baada ya kujifungua. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya tano na usingizi umekukimbia. Inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo ina tiba. Usingoje chanjo ya wiki ya 6. Nenda kliniki kesho, umweleze muuguzi haya haya uliyoniandikia, kwa sababu ukinyamaza atapima uzito wa mtoto na kukuruhusu urudi nyumbani. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwite mtu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu maziwa, usibishane. Kama uzito kwenye kadi unapanda vizuri na mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, yanamtosha. Mwonyeshe mama kadi.

Kinachoniuma zaidi ni huko kupokonywa. Nimewaona wengi wodini: mzazi anayefanyiwa kila kitu huanza kuamini kwamba hawezi, na anayemfanyia anadhani anampenda. Mwachie mama jiko na nepi, na ambebe mtoto alfajiri akishanyonya ili wewe ulale. Kuogesha chukua wewe. Mwambie, "Mama, leo naomba nimwogeshe mimi, wewe kaa hapa uniangalie." Pima maji kwa kiwiko, mkono wa kushoto upite chini ya shingo, vidole vishike kwapa. Akilia usimtoe haraka. Wengi hulia wakivuliwa nguo tu.

Mumeo naye akipiga simu, mwambie azungumze na mama yake. Neno "mwachie ajaribu" litapokelewa vizuri likitoka kwa mwanawe kuliko kwa mkwe.

Halafu, mama yako mzazi hukumtaja. Kama yupo, mpigie leo jioni.