Maswali yenu ya picha: "Nikitoa kamera Kibuye naulizwa nimetumwa na nani"

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi niko Kisumu, nimepata kamera ya mtumba na nataka kupiga picha za huu upande wetu wa viwanda, kuanzia Obote Road mpaka jua kali ya Kibuye. Shida ni watu. Nikitoa tu kamera fundi mmoja anauliza nimetumwa na nani, mwingine anataka pesa, wa vyuma chakavu ndio kabisa hawataki kuniona, na juzi soja wa kiwanda fulani alinifuata hadi barabarani akitaka nifute picha ya geti. Halafu picha za welding zote zinatoka doa jeupe na giza. Nifanyeje? (Msomaji, Nyalenda)

JIBU: Ndugu yangu, hao mafundi hawana ubaya na wewe, wanajiuliza tu hiyo picha inaenda kuishia wapi. Mtu ana kibanda kando ya barabara ama kwa ardhi ya reli, na anajua mgeni akija kupima na kupiga picha, kinachofuata ni X nyekundu ukutani, ile alama ya kubomolewa. Na hao wa vyuma chakavu usisahau Januari 2022 serikali ilifunga biashara yao nchi nzima sababu ya milingoti ya stima iliyokuwa inaharibiwa, wakakaa miezi hivi bila kazi, sasa wewe unatokea na lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara unataka wafikirie nini?

Lenzi ndefu wacha nyumbani. Na Kibuye yote pia iwache, chukua kibanda kimoja. Enda bila kamera uagize kitu, tuseme sanduku la bati la mtoto anayeenda bodingi, kisha ukae hapo likitengenezwa. Utaona bati linapimwa na kuchorwa kwa msumari, linakatwa, linakunjwa pembe juu ya kipande cha reli kuukuu, nyundo inapiga pole pole pale kwa kona ndio rangi isije ikapasuka, halafu komeo linakuja mwisho. Ukishafuata hiyo kazi toka mwanzo utajua mwenyewe picha iko wapi, na mara nyingi haiko kwa ule uso wa jasho na masizi wa bleki na waiti ambao kila mtu anapiga na mimi kusema ukweli nimeuchoka.

Pesa ya kila picha usitoe, ukianza utakuwa unanunua watu wajifanye wanafanya kazi. Toa picha studio, saizi ya kawaida tu ya albamu, umrudishie fundi yake mkononi. Ataibandika hapo kibandani na jirani atakuita mwenyewe.

Jambo ambalo hukuuliza na ndilo kubwa: andika. Kule Marekani kulikuwa na mpiga picha Lewis Hine, tangu 1908 alikuwa anapigia picha kamati ya kupinga ajira ya watoto, alikuwa anapima urefu wa mtoto kwa vifungo vya koti lake na kuandika noti mkono ukiwa umejificha mfukoni, na ndio maana picha zake zilikuwa ushahidi. Wewe andika tarehe, mahali, fundi anafanya nini, bati limenunuliwa pesa ngapi wiki hiyo, na jina lake kama amekubali. Angalia KICOMI, kile kiwanda cha nguo kilichofungwa miaka ya tisini. Kuta unaweza kupiga hata kesho, lakini ukuta haukuambii nani alisimama kwa mashine gani na shifti ya usiku ilikuwa inatoka saa ngapi. Wazee waliofanya kazi huko bado wako mitaani, enda uwapige picha pamoja na kadi zao za kazi na zile picha za zamani walizoweka kabatini, hiyo ni nusu ya mradi wako na hakuna soja wa kukufukuza.

Kuhusu huyo soja, ukiwa barabarani hana mamlaka ya kukulazimisha ufute kitu, lakini ukibishana naye hutapata geti wala hutaingia ndani. Ndani ni kwa wenyewe, peleka barua ofisini. Bandarini na kwa reli ndio usijaribu kabisa bila barua.

Welding sasa. Kosa ni kupiga ndani ya kibanda chenye giza, ule moto unakuwa mkali kushinda kila kitu na kamera inachanganyikiwa. Mwambie atoe kazi nje kwenye jua, weka kamera manyuo (manual, upange mwanga mwenyewe), punguza mwanga mpaka doa likubali, ama usimame mahali chuma au bega lake linaficha moto wenyewe ubaki na ule mwanga unaopiga mikono. Na usichungulie moto kwa kitundu cha kamera, usiku macho yatawasha kama yamemwagiwa mchanga.

SWALI: Niko Nakuru, nimepiga picha watoto wanaookota chupa pale dampo la Gioto, nyuso zinaonekana wazi. Naweza kuweka mtandaoni? (Dada wa London, Nakuru)

JIBU: Dada, hapana, sio na nyuso. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na hao walikuwa wamevaa yunifomu vizuri. Sheria ya data ya 2019 inaacha nafasi kwa kazi ya habari na sanaa lakini mimi singeegemea hapo kama ni mtoto aliye dampo. Piga mikono, magunia, mizani ya mnunuzi na bei anayowapa. Kama zile za nyuso ziko tayari kwa peji yako zitoe leo, halafu utafute wazazi.