Tuliziba Kiwanda, Sasa Watoto Hawaachi Kukohoa

SWALI: Shikamoo Bwana Afya. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, huku Mkomani. Mwaka jana mume wangu alifunika kiwanda, yaani ule ua wa wazi wa ndani ya nyumba, kwa mabati ya plastiki ili mvua isituingilie, kisha akatia kiyoyozi chumbani. Tunalala wanne, madirisha tumefunga. Tangu hapo naamka kichwa kizito, watoto wanakohoa wiki hii ya kwanza, na ukuta nyuma ya kabati umefanya madoa meusi. Mume wangu asema kiyoyozi kinasafisha hewa. Ni kweli?
Mama Wawili, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mumeo kiyoyozi hicho cha ukutani kinapoza hewa, hakiibadilishi. Kinaivuta ile ile ya chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba baridi, kinaitema tena. Kichujio kinashika vumbi, basi. Hewa ya nje ina hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, sehemu 420 hivi kwa milioni. Watu wanne ndani ya chumba kilichofungwa huipitisha 1,000 hata saa moja haijaisha, na alfajiri huwa maelfu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu, kila sekunde. Nyinyi mnagawana iliyobaki tangu isha. Na mmoja akiwa na mafua, wote mnayavuta.

Lakini mimi simlaumu kiyoyozi. Kosa lilianza kwenye kiwanda. Nyumba zetu hizo kuta zake nene na madirisha ya mtaani ni machache. Pua yake ni kile kiwanda. Hewa ya moto hupanda ikatokea juu, ya baridi ikaingia chini kutoka dakani, pale kibarazani pa mlango wa mbele. Nilizaliwa katika nyumba kama hiyo: mchana wa kaskazi, uchochoroni hakuna hata pumzi, lakini ukikaa kiwandani unahisi upepo vifundoni.

Washa kijiti cha udi usiku, ukishike mlangoni mwa chumba. Moshi ukiyumba, hewa inapita. Ukisimama wima kama mnara kisha ukatanda kwenye boriti, umeshapata jibu. Na chetezo ya makaa isilale chumbani kamwe. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini.

Madoa hayo ni kuvu. Mvuke wa pumzi zenu hugandia ukuta uliopoa, na rangi ya mafuta juu ya saruji haiuachi ukuta ukauke kama chokaa. Sugua kwa sabuni, kausha, sogeza kabati shibiri moja. Yatarudi tu kama hewa haijarudi.

Paa msilivunje. Linyanyueni futi mbili, lizidi ukingo wa kiwanda, mbavu ziwe wazi: mvua itabaki nje. Dirisha la chumbani litieni wavu wa mbu, mlifungue usiku hata kidogo. Najua, harufu ya punda wa mtaani itaingia! Mimi mwenyewe niliziba langu kwa mbao mwaka mzima kwa sababu ya jenereta ya jirani, mpaka mke wangu akaniambia chumba kinanuka kanzu mbichi iliyofungiwa sandukuni.

Kikohozi kikifika wiki mbili, usingoje fundi wa paa. Wapeleke watoto hospitali wapimwe kifua kikuu. Wakianza kupumua kwa kukoroma au mbavu zikiingia ndani, nenda siku hiyo hiyo.