Mayai manane ndani ya siku tisa, na hakuna lililoanguliwa

Swali: Daktari, nina cherero wawili, wale kasuku wadogo ambao wengi huwaita lavubedi. Ni wa uso wa waridi, niliuziwa kama dume na jike, na wana takriban mwaka na nusu. Wanapendana sana: wanalishana mdomo kwa mdomo, na nimewaona wakipandana. Niliwawekea kisanduku cha kutagia. Wote wawili wakawa wanachana karatasi na kujichomeka vipande mgongoni, kisha yakapatikana mayai manane ndani ya siku tisa. Waliyaatamia mwezi mzima, hakuna lililoanguliwa. Duru ya pili niliyamulika kwa tochi, nikaona hayana kitu, nikayatoa siku ya kumi. Wiki haijaisha wakaanza tena, na sasa yapo saba. Nawalisha mbegu mchanganyiko, na alizeti ndiyo wanayoigombania. Je, dume ni tasa? Nimbadilishe? Na siku wakipata makinda, niwatoe lini niwalishe kwa sindano ili wazoee mikono?

Jibu: Usimwite dume tasa kabla hujajua kama yupo. Jike wa cherero hutaga yai moja, hupita siku bila yai, kisha hutaga jingine. Akianza Jumatatu, yanayofuata ni ya Jumatano, Ijumaa, Jumapili na Jumanne. Hizo ni siku tisa na mayai matano. Wewe ulipata manane. Jike mmoja hana uwezo huo hata umlishe nini, kwa hiyo kisandukuni mna majike wawili, kila mmoja akitaga yake.

Mambo yaliyokufanya uamini ni jozi hayathibitishi kitu. Majike wawili wanaolelewa pamoja hulishana, huchanana manyoya, hupandana na kulala wamebanana kama mke na mume. Kwa macho pia huwezi kuwatofautisha. Kati ya aina tisa za cherero ni tatu tu ambazo dume na jike wana rangi tofauti, na uso-waridi hayumo. Wapo wanaopapasa mifupa ya nyonga ili wakwambie huyu ni jike kwa sababu mifupa imeachana; nimefanya kazi hii miaka mingi na bado siamini vidole vyangu kwa jambo hilo. Kipimo cha kuaminika ni cha vinasaba, kinachotumia tone la damu au manyoya machache yaliyong'olewa yakiwa na mizizi yake. Manyoya yaliyodondoka sakafuni hayafai.

Lakini kuna dalili moja kwenye barua yako ambayo kwa aina hii ina uzito: zile karatasi. Mkae karibu siku moja umtazame. Jike wa uso-waridi hushika ukingo wa karatasi na kuutoboa kwa mdomo, tundu baada ya tundu, kama mashine ya kushonea inayotembea kwenye pindo, mpaka kipande chembamba kitoke. Halafu hugeuza shingo, hufumua manyoya ya kiunoni, huchomeka kipande humo, huyabana, na kurudi kukata kingine. Dume naye hujaribu mara mojamoja, ila kazi yake ni ya ovyo na vipande humdondoka njiani. Ukiona wote wawili wanaifanya kwa ustadi, dhana ya majike wawili inazidi kupata nguvu.

Tabia hiyo ni ya kurithi. Cherero wa Fischer, wa asili ya kaskazini mwa Tanzania, hubeba kijiti kimoja kimoja mdomoni. Mtafiti William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeandika matokeo yake mwaka 1962, alizalisha chotara wa aina hizo mbili. Ndege wale walihangaika mno: walijaribu kuchomeka vipande kiunoni vikawaponyoka, na walifanikiwa kufikisha vitu kiotani pale tu walipovibeba mdomoni. Nakueleza haya kwa sababu siku utakapotafuta dume utashawishiwa kuchukua wa aina nyingine mwenye rangi nzuri zaidi. Usichanganye. Mpe uso-waridi mwenzake.

Sasa hayo mayai saba. Kosa ulilofanya duru ya pili ni kuyatoa siku ya kumi. Ukimwondolea jike mayai mapema, mwili wake unaelewa kwamba kiota kimeibwa, naye anataga ya kufidia. Safari hii yaache. Waatamie mpaka wachoke wenyewe, au mpaka zipite kama siku 25 tangu yai la mwisho, ndipo uyatoe yote pamoja na kisanduku. Toa karatasi, kibanda cha kitambaa, chungu, kitu chochote chenye kiza wanachoweza kuingia. Funika tundu mapema jioni ili wapate saa 12 hivi za giza, kwa sababu siku ndefu yenye mwanga ni mojawapo ya mambo yanayoamsha hamu ya kutaga. Wapumzike miezi sita. Hata jozi halali yenye makinda isizidi duru mbili kwa mwaka.

Pumziko hili nalisisitiza kwa sababu ya chakula unachowapa. Mbegu peke yake, hasa alizeti, ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo na vitamini A kidogo sana. Kila ganda la yai linatengenezwa kwa kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, jike huichota kwenye mifupa yake. Mwenye duru tatu mfululizo, aliyekula alizeti tu, ndiye ninayeletewa usiku akiwa na yai lililokwama.

Utamjua hivi: amejikunja chini ya tundu badala ya kutua kijitini, manyoya yamevimba, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, anakamua na hakuna kinachotoka, pengine hata miguu imemlegea. Ndege huyu ana gramu 50 hivi, kwa hiyo tunahesabu saa, hatungoji kesho. Mweke kwenye boksi lenye joto la nyuzi 30 na hewa yenye unyevu, kwa mfano chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo na kitambaa kibichi kando yake, kisha umkimbize kwa daktari. Usimminye tumbo. Usimmiminie mafuta popote. Yai likipasukia ndani, kumwokoa ni kazi ngumu.

Kubadili chakula kunahitaji subira. Lengo ni zaidi ya nusu ya bakuli kuwa peleti za kasuku wadogo, yaani chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa kuwa punje, robo hivi mboga, na mbegu zibaki kidogo, ziwe za ulezi, mtama na uwele, huku alizeti ikiwa punje chache za kumtuza. Usizikate mbegu ghafla. Cherero anaweza kukaa mbele ya bakuli la peleti asizitambue kuwa ni chakula, akashinda njaa. Changanya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na umpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito, rudi nyuma hatua moja. Mboga zenye rangi ya chungwa na kijani kibichi ndizo zenye faida: karoti, boga, pilipili hoho, brokoli, viazi vitamu vilivyochemshwa. Tundika mfupa wa ngisi, au uoke maganda ya mayai ya kuku kwenye oveni, uyasage na kuwanyunyizia. Kalsiamu nayo haifyonzwi vizuri bila vitamini D, ambayo ndege huitengeneza kwa jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii kwa hilo. Mtoe nje ndani ya tundu lake kwa muda mfupi, upande mmoja ukiwa na kivuli.

Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe na vitunguu visifike karibu naye. Na tundu lisikae jikoni: kikaango kisichogandisha chakula kikiachwa motoni hadi kiungue, hutoa mvuke usio na harufu ya kukushtua wewe, lakini ndege hufa kwa dakika chache.

Tukija kwenye kuzalisha: huna haja ya kumbadilisha yeyote. Majike wako wawili waliozoeana wanaweza kuishi vizuri hivyo hivyo zaidi ya miaka kumi, bila kisanduku, na mimi binafsi ningewaacha. Ukitaka makinda kwa kweli, tafuta madume wawili waliopimwa, wasio ndugu zao, wenye umri wa mwaka au zaidi. Usilete mmoja. Cherero watatu kwenye tundu moja ni ugomvi, na jike mwenye kiota humkata mwenzake vidole. Wageni wakae chumba kingine siku 30 na wapimwe, hasa homa ya kasuku, ambayo inakuambukiza na wewe. Kisha kila jozi ipewe tundu lake, jipya kwa wote wawili, ili jike asijione mwenye nyumba.

Kisanduku cha mbao cha sentimita 20 kwa 20 na kimo cha 25, chenye mlango wa sentimita 5, kinatosha. Tandika randa nene za mbao zisizo na harufu kali. Sakafu tupu inateleza, na makinda hukua miguu imetanuka kama ya chura. Wape matawi mabichi ya mti usio na sumu na beseni la kuogea. Jike huingia kiotani akiwa ameloa, na unyevu huo huyasaidia mayai yasikauke kinda likashindwa kutoka.

Tarajia mayai manne hadi sita. Andika tarehe kwa penseli juu ya kila moja. Yanaanguliwa baada ya siku 21 hadi 23, ila kwa vile hayakutagwa siku moja, makinda nayo hayatoki siku moja. Mdogo kabisa anaweza kuwa nyuma ya mkubwa kwa wiki nzima. Angalia kila siku gole lake, kile kifuko chini ya koo: likiwa limejaa, mwache mama afanye kazi yake. Likiwa tupu asubuhi na jioni, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu sindano, usianze. Chakula kikizidi joto kinaunguza gole, kikipoa hakisagiki, kikipita njia ya hewa kinda limekwisha. Waache wazazi walishe. Makinda wakifika wiki mbili na macho yamefunguka, watoe dakika tano kila siku mara mama akitoka kula, uwashike kwenye kiganja chenye joto, uwarudishe. Watatoka kiotani wakiwa na wiki sita hivi, na baba ataendelea kuwalisha mpaka wiki ya nane au zaidi. Usiwatenge na wazazi kabla hujawaona kwa macho yako, siku kadhaa mfululizo, wakimenya mbegu wenyewe na uzito haupungui.